Ukisifu, Umeongeza

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye hati ya mshahara, na huko ndiko lilikoishia. Mitaani, kuanzia kwa wauza nyama mpaka kwa vinyozi, alijulikana kama Bwana Mh. Si ile Mh. ya Mheshimiwa, ingawa kuna siku karani mmoja mgeni aliiandika hivyo kwenye bahasha, Mh. na nukta yake, bila jina, na barua ikafika mezani kwake salama huku ofisi nzima ikishika mbavu. Hii ilikuwa mh ya mdomo uliofungwa. Ukimwonyesha friji jipya, mh. Ukimwonyesha friji bovu, mh. Mwenye duka akimsimulia jinsi mwizi alivyomkomba mpaka mizani, mh, na kalamu ikaandika: mizani, haipo.

Alikuwa mthamini wa halmashauri, upande wa vifaa vya biashara. Majengo yalikuwa na watu wao. Yeye alihusika na vilivyomo ndani: jiko la muoka mikate, viti vya kinyozi, msumeno wa seremala, mashine ya mpiga chapa. Kila mwaka halmashauri ilitoza kodi kwa thamani ya vitu hivyo, na lazima awepo mtu wa kusema thamani yenyewe ni ipi. Mtu huyo hapendwi. Tusidanganyane, hakuna mji uliowahi kumfanyia karamu mtu wa kodi, na huyu wetu hakuitarajia.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Mzee Rula, kwa sababu alitembea wima na alipenda mambo yaliyonyooka. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajamwonyesha meza yake, alimsimamisha mlangoni.

"Ukiingia dukani kwa mtu, usiketi, usinywe, usisifu. Ukiketi, umekuwa mgeni wake. Ukinywa, umekuwa mdeni wake. Ukisifu, umeongeza."

"Nimeongeza nini, mzee?"

"Thamani, mwanangu. Neno zuri la mthamini ni ushahidi. Ukimwambia mtu jiko lako zuri, likifika bodi ya rufaa litasomwa kama vile umeliandika na kupiga muhuri. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe tazama, andika, toka."

Basi alitazama, akaandika, akatoka, kwa muda unaotosha mtoto kuzaliwa na kuota ndevu. Alijifunza kwamba mthamini akiingia, dunia husimama kichwa chini miguu juu. Kizuri chajiuza, wanasema, lakini siku ya Bwana Mh kila kizuri kilijipaka masizi. Muuza nyama mmoja alimpokea kwa kulisonya friji lake mwenyewe.

"Hili? Hili ni kabati tu, bwana. Linatunza joto."

Kabla hajamaliza, akaingia mama mmoja na kikapu akauliza kama nyama ni nzima.

"Mama, humu ndani hata barafu inaomba blanketi!" Kisha akakumbuka ni nani amesimama nyuma yake.

Bwana Mh akasema mh. Akainama nyuma ya friji na tochi, akakitafuta kile kibati cha kiwandani chenye mwaka, akakisugua kwa kidole gumba, akauandika mwaka. Kilichobaki kilikuwa kazi ya jedwali la uchakavu, ambalo lilisema kifaa cha umri huu kimebakiza asilimia kadhaa, na cha umri ule asilimia kadhaa, kikishuka mwaka hadi mwaka mpaka kikagota chini. Hapo kilikaa. Kitu kinachofanya kazi hakiandikwi sifuri, hata kikizeeka vipi. Kinyozi wa mtaa wa pili yeye alidai viti vyote ni vya shemeji yake. Shemeji huyo, kwa hesabu za Bwana Mh, alimiliki viti, majiko na vyerehani karibu mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kumtia machoni.

Sasa, mtu angesema kazi ni kazi na nyumbani ni nyumbani. Lakini tabia haivuliwi mlangoni pamoja na viatu. Walipooana, mke wake alikuwa akimwekea chakula kisha anasimama kando, kitambaa mkononi, akingoja.

"Mh," angesema mume baada ya tonge la kwanza.

"Mh gani? Chumvi imezidi?"

"Hapana."

"Imepungua?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi."

Mwaka wa kwanza mke alilia. Wa pili alinuna. Baada ya hapo alianza kujisifia mwenyewe, kwa sauti, akiiambia sufuria: "Leo nimepika, jamani. Aliyenizaa apewe zawadi." Mume alisikia, akaendelea kula. Na chakula kilikuwa kitamu, alijua hivyo. Neno lilipanda mpaka kwenye meno, likamkuta Mzee Rula amesimama pale, wima, likarudi lilikotoka. Mwishoni halikuhangaika hata kupanda.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti. Alipokuwa bado mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, aliifungua redio ya nyumbani iliyokuwa imenyamaza muda mrefu, akaichokoa kwa kisu cha mezani, na sauti ya mtangazaji ikarudi ikiwa katikati ya sentensi. Mtoto alikimbia nayo mpaka kwa baba yake, ameikumbatia kwa mikono miwili. Baba aliipokea. Akaigeuza. Akatafuta kibati nyuma.

"Hii ni ya zamani sana," alisema.

Mtoto akangoja.

"Mh," akasema baba.

Binti aliichukua redio akairudisha kwenye rafu polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Hakuacha kutengeneza vitu. Alitengeneza pasi, feni, taa ya baiskeli ya jirani. Aliacha tu kuvileta kuonyesha.

Ukiuliza kama Bwana Mh alikuwa na roho mbaya, nakukatalia. Hakumwonea mtu, hakula rushwa, hakumpigia mke wake kelele. Alikuwa na ganzi. Unajua mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, upo pale pale, unauona, lakini ukiugusa ni kama wa mtu mwingine. Alipofiwa na mama yake, alisimama uani kwenye msiba akijua kwamba anapaswa kulia. Aliyangoja machozi. Alipoona hayaji, akagundua kwamba macho yake yamekuwa yakipita juu ya viti vya kukodi, yakitenga vyenye miguu iliyopasuka. Wala hakushtuka sana. Aliona ni aibu, akakaa na aibu hiyo kwa siku chache, nayo ikafa ganzi kama mengine.

Alipokaribia kustaafu, halmashauri ilimpa mtu wa kumrithi, mwanamume wa makamo aliyehamishwa kutoka idara ya masoko, ambaye siku yake ya kwanza kuzunguka gereji alivaa suti. Jina likamganda: Suti. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na alimwita Bwana Mh "Mwalimu" bila kejeli. Siku moja, katika karakana ya mpiga chapa, Suti aliuliza swali ambalo wote hukosea.

"Mwalimu, mashine hii kibati kinasema ni kuukuu. Lakini naona inakimbia kama mpya. Nifuate kibati au nifuate macho?"

"Inategemea amefanya nini," alijibu Bwana Mh. Kwenye mambo ya kazi maneno hayakumpungukia. "Kama ametengeneza, yaani amebadilisha mkanda, ametia oili, umri unabaki wa kwenye kibati. Lakini kama ameifumua yote, akaiunganisha upya, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, hiyo haijatengenezwa. Hiyo imefufuliwa. Na kilichofufuliwa huanza kuhesabiwa upya, siku ya kwanza."

"Kwa hiyo kodi inaamini ufufuo," alisema Suti.

"Mh," akasema Bwana Mh. Ile ya mpiga chapa ikaandikwa imetengenezwa.

Katika miaka hiyohiyo binti yake, ambaye alisomea ufundi wa mashine kisha akafanya kazi kwenye hoteli moja, aliacha kazi akafungua duka la dobi. Alimwalika baba yake aje aone.

"Siwezi kuingia humo," baba alimwambia. "Mimi ni mthamini, wewe ni mwanangu. Watu watasema. Faili lako litakwenda kwa Suti."

Alikuwa sahihi, na kanuni ilikuwa upande wake. Pia alishusha pumzi, kwa sababu kama angeingia, binti angesimama kando akingoja, kama mama yake na kitambaa.

Siku aliyostaafu walimpa soda, hotuba fupi na saa ya ukutani. Aliipokea saa, akaigeuza, akatafuta kibati. Ofisi nzima iliangua kicheko, Suti akapiga makofi. Yeye hakuwa anafanya mzaha. Alikwenda nyumbani akaitundika saa, akakaa chini yake, na siku zikaanza kupita bila kumgusa.

Siku moja mchana binti yake aliingia akiwa bado amevaa aproni ya kazini. Alimsalimia mama yake jikoni, akaja akasimama mbele ya baba.

"Baba, nina shida. Si ya kukopa."

"Kaa."

Hakukaa. "Suti ameziandika mashine zangu kama mpya. Kodi imepanda mpaka imenikaba koo. Nimekata rufaa, bodi inakaa wiki ijayo."

"Ni mpya?"

"Baba! Nimezitoa skrepa, kwenye vyuma chakavu. Ile kubwa ilikuwa imeota majani ndani. Hujui?"

"Sijawahi kuziona."

Binti aliifungua kamba ya aproni, akaifunga tena. "Ndiyo," alisema. "Hujawahi."

Kutoka jikoni sauti ya kijiko kwenye sufuria ilikoma.

"Sikiliza, Baba. Kodi ikibaki hivi, itabidi niuze ile kubwa. Ile kubwa ndiyo inafua mashuka ya zahanati. Bila ile, zahanati inaondoka. Zahanati ikiondoka, nafunga duka. Nina kina mama wawili wanapiga pasi pale, na wana watoto. Sikuombi udanganye. Suti anasema zimefufuliwa. Wewe njoo useme zimetengenezwa. Neno moja tu. Umestaafu, kanuni haikuzuii, nimeuliza. Na watakuamini."

"Kwa nini waniamini mimi?"

"Kwa sababu mji mzima unajua hujawahi kusifu kitu."

Ilikuwa kweli, na alilipokea hilo kama alivyopokea saa. "Lazima nizione kwanza," alisema.

Duka lilikuwa upande wa kivuli wa mtaa, mlango wa bluu, harufu ya sabuni na mvuke wa pasi. Kina mama wawili walimwamkia, wakamvutia kigoda. Alisema amezoea kusimama. Binti alimletea chai. Alisema asante, baadaye. Binti alikishika kikombe mkononi, hana pa kukiweka, kisha akakiweka juu ya ile mashine kubwa iliyokuwa ikifua, akaenda nyuma kufungua kifuniko cha bati.

"Njoo uone."

Bwana Mh akainama na tochi yake ya zamani. Kwanza kibati, kwa mazoea: mwaka ulikuwa wa mbali sana. Kisha akapandisha mwanga juu. Nyaya zilikuwa zimefungwa kwa mafungu, kila fungu na rangi yake, zimelala kama nywele zilizosukwa. Mkanda ulikaa katikati ya puli, lile gurudumu linalouzungusha, bila kuyumba. Beringi zilikuwa mpya, na pale ambapo kutu ilikuwa imekula fremu, binti alikuwa amekata kipande kizima akachomelea kingine, akakisugua mpaka kiungo hakionekani isipokuwa kwa mtu aliyezoea kutafuta viungo. Bwana Mh alikuwa mtu huyo. Alikitafuta kwa kidole.

"Spea za hii haziuzwi tena," alisema binti nyuma yake. "Puli nimeichonga mwenyewe. Mara ya kwanza ilitetemeka, nikaitupa, nikachonga nyingine."

Mashine ikaingia kwenye kukamua. Ngoma ya ndani ikaanza kukimbia, mvumo ukapanda, sakafu yenyewe ilipaswa kutetemeka. Bwana Mh aliinuka na macho yake yakaangukia kikombe. Chai ilikuwa imetulia. Ukingoni kulikuwa na mviringo mwembamba uliokuwa ukicheza, basi. Aliitazama ile chai mpaka mashine ikamaliza, ikapumua, ikasimama.

Binti alikuwa amesimama kando, amekunja mikono ndani ya aproni. Akangoja.

"Mh," akasema baba yake.

"Sawa," akasema binti. Akakichukua kikombe, akakimwaga kwenye sinki.

Bodi ya rufaa ilikaa ghorofani, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni iliyoning'inia kwa kulegea. Wajumbe walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye aliwatazama watu wazima kama waliochelewa kengele. Suti alikuwa upande mmoja na faili lake. Alisimama Bwana Mh alipoingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Suti alieleza kesi yake kwa ufupi na kwa haki. Mashine ni za zamani kwa kibati, lakini kwa hali yake ameziona zimefufuliwa, hivyo zimehesabiwa upya. "Hivyo ndivyo nilivyofundishwa," alimaliza, na hakutaja na nani.

Binti alieleza yake. Alizitoa skrepa, alizitengeneza ili apate riziki, hajui kwa nini aadhibiwe kwa kutokuwa mzembe. Kisha akamtaja shahidi wake.

Bwana Mh alisimama. Alianza vizuri. Alitaja miaka ya vibati bila kutazama karatasi. Alisema kwa jedwali la uchakavu mashine kama hizi zimekwisha kugota chini. Alisema skrepa haiuzi vitu vizima. Mwenyekiti alikuwa akiitikia kwa kichwa, na Suti, mtu wa haki, alionekana kama anayejiandaa kushindwa. Lilibaki lile neno moja.

Mjumbe wa kushoto, aliyekuwa akitazama saa tangu mwanzo, aliamua kumsaidia.

"Kwa hiyo tuelewane, mzee. Huyu binti aliokota vyuma, akavifungafunga na waya, vikaanza kuzunguka kwa bahati. Si ndiyo? Ufundi wa kubahatisha. Wala hakuna ufufuo hapo."

Neno ndiyo lingetosha. Hata mh ingetosha, na ilikuwa tayari kinywani, imekaa mahali pake pa siku zote. Bwana Mh alimtazama binti yake. Binti alikuwa ameinamisha uso, akiitikia kwa kichwa kumhimiza, ndiyo Baba, sema ndiyo, vyuma, waya, bahati. Na hapo kitu kikamuuma kifuani. Kiliuma vibaya, kama mguu ule unapoamka baada ya kufa ganzi, unapotamani ungebaki umekufa.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Si bahati. Wala hakuna waya uliofungwafungwa. Nyaya zake zimelala kwa mafungu, nimeziona. Puli ameichonga mwenyewe, na ya kwanza ilipotetemeka akaitupa. Unajua ni mafundi wangapi wangeitupa? Wangeweka mpira chini wakampa mteja. Fremu ameiunga, nimeutafuta muungo kwa kidole sikuupata mpaka mara ya pili. Mashine ile ikikamua, kikombe cha chai kinakaa juu yake kama kimewekwa mezani kwako. Kama kile hapo mbele yako, Mheshimiwa."

"Baba," alisema binti kwa sauti ya chini.

"Nimeingia maduka yote ya mji huu. Yote. Nimeona mashine zilizotoka kiwandani zikiwa na nailoni bado, zinatetemeka kuliko ile. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile."

Feni ilizunguka. Suti aliweka kalamu chini. Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani.

"Umemaliza, mzee?"

"Bado," alisema Bwana Mh. "Alipokuwa mdogo alitengeneza redio kwa kisu cha mezani. Ile nayo ilikuwa kazi nzuri."

"Redio haimo kwenye rufaa hii," alisema Mwenyekiti, lakini kwa upole. "Nakuuliza kama mthamini. Zimetengenezwa, au zimefufuliwa?"

Mzee Rula hakuwa tena pale kwenye meno, mahali pake palikuwa wazi. "Zimefufuliwa," alisema Bwana Mh. "Na aliyezifufua ni binti yangu."

Karani akaandika. Kodi ikabaki kama Suti alivyoiweka.

Kwenye ngazi binti alitangulia, kisha akasimama katikati akamgeukia. Macho yalikuwa mekundu na mdomo ulikuwa ukicheza kati ya kicheko na kilio, haujui uende wapi.

"Miaka yote, Baba. Miaka yote nimengoja. Ukaona uniambie leo?"

Binti alishuka zake.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Mke wake alimwekea chakula, akasimama kando kama zamani, kitambaa mkononi. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alisema. "Umemfungia mtoto duka." Kisha akakitupia kitambaa begani: "Na mimi je? Wanasema asiyekujua hakuthamini. Wewe unanijua, na kuthamini ndiyo ilikuwa kazi yako. Nimekupikia mpaka nimeota mvi, na wa kwanza kusifiwa nyumba hii ni mashine ya kufulia!"

Alitaka kumwambia chakula ni kitamu. Alifungua mdomo. Lakini kile kilichoamka ghorofani kilikuwa kimelala tena njiani, na alichopata ni kile kile. Mke alikwenda zake jikoni akapiga kelele kwenye masufuria.

Mashine kubwa ilinunuliwa na hoteli. Bwana Mh alikwenda siku walipokuja kuichukua, bila kuitwa, akasimama karibu na mlango wa bluu kama mtu aliyekuja kazini. Mmoja wa kina mama wa pasi alikwishapata kazi kwingine. Mwingine alikuwa akikunja nguo za mwisho za wateja na hakumwamkia. Wabebaji walihesabu moja, mbili, wakaiinua, wakatoka nayo kimbavumbavu. Sakafuni palibaki alama za miguu yake na mraba wa saruji safi.

Binti alikuwa akipanga vifaa vyake kwenye sanduku. Angezunguka kwa miguu sasa, fundi wa majumbani. Mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Mwenyekiti wa bodi, mashine yake ilikuwa ikivuja. Alimsimulia baba yake hilo bila kucheka, wala hakuonekana kulia. Alionekana amechoka. Kisha alifunga sanduku, akalikalia.

"Baba."

"Naam."

"Yale uliyosema kule. Sema tena." Alionyesha chumba kitupu kwa mkono. "Hapa hakuna anayeandika."

Bwana Mh alifungua mdomo. Aliona nyaya, aliona puli, aliona chai ilivyotulia. Aliona mtoto ameikumbatia redio. Alijua kila neno na mahali pake. Alijaribu, na binti alimwona akijaribu.

"Mh," alisema.

Binti alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Basi Bwana Mh akatazama huku na huku. Kile kigoda walichomvutia siku ile kilikuwa bado pembeni ya ukuta. Alikiendea, akakivuta mpaka kwenye ule mraba wa saruji safi, mbele ya binti yake. Akaketi. Magoti yalilalamika. Hakuwahi kuketi kwenye duka la mtu tangu alipokuwa na nywele nyeusi, na hakujua aweke mikono wapi, akaiweka kwenye mapaja.

"Ile chai," alisema. "Bado ipo?"

Binti akainuka, akafungua sanduku alilokwisha kulifunga, akatafuta birika kati ya spana na bisibisi, akachemsha nyingine. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Akainywa yote.